Historia ya Marehemu Verna Couture Peaslee, Aliyekuwa Akiosha Sahani Kura Ilipopigwa

Baba Padri Gendron, majirani wa East Corley, na nyie mliovuka mlima leo asubuhi kutoka Marston mkalazimika kuacha magari chini kwenye lami na kupanda huku kwa miguu, naitwa Norman Couture, mdogo wake marehemu, na familia imenikabidhi kazi ya kuwasomea historia ya dada yangu, ikaniomba niisome kwa upole, nami nimeahidi kujaribu, ila sikuahidi kuweza.

Marehemu Verna Couture Peaslee alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 11 Februari 1953, nyumbani kwa wazazi wetu, hayati Armand na hayati Rose-Alma Couture, kwenye shamba la ng'ombe lililoko mwisho wa barabara ya juu hapa East Corley, jimbo la Vermont, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba, na mama alikuwa akisimulia kwamba siku hiyo mkunga alifika saa tano nzima baada ya mtoto kuzaliwa, kwa sababu gari lake lilishindwa na theluji pale kwenye kona ya chini, kwa hiyo tangu siku ya kwanza ya maisha yake barabara hii ilikuwa na kesi na dada yangu.

Alianza darasa la kwanza katika shule hii hii tuliyokaa ndani yake sasa, mwezi Septemba 1959, akamaliza darasa la nane mwezi Juni 1967 akiwa wa kwanza katika hesabu, na mwezi Septemba mwaka huo akajiunga na sekondari ya Marston, maili kumi na mbili kutoka hapa, ng'ambo ya mlima. Nyie wote mnajua barabara hiyo inavyokuwa theluji ikiyeyuka, wala siwaelezi kitu kigeni, basi la shule linaishia chini, matope yanafika magotini, na mtoto wa huku juu ama ashushwe na trekta ama abaki nyumbani, na majira ya kuchipua ya mwaka 1970 trekta ya baba ilikuwa imekufa, Verna akakosa siku ishirini na mbili za masomo, akaenda kwenye mtihani wa jometri akiwa hajawahi hata kufundishwa nusu ya yaliyoulizwa, akaanguka. Mwalimu mkuu wa wakati ule alimwita baba na kumwambia, "Mzee Couture, binti yako ni mtoro," na baba yetu, mtu aliyekuwa na aibu kuliko maneno, alimshika mtoto wake mkono akarudi naye nyumbani, ikawa ndiyo mwisho, tarehe 22 Mei 1970. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nilimwona akiutundika mkoba wake wa shule kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, na mkoba ule haukushuka pale mpaka mwaka 1994, alipokwenda masomo ya watu wazima akapata cheti chake akiwa na umri wa miaka arobaini na moja. Mtoro. Nimelibeba neno hilo miaka arobaini na tisa na bado halijapungua uzito.

Alifanya kazi katika kiwanda cha vibanio vya nguo kuanzia mwaka 1970 hadi kilipofungwa, na tarehe 14 Juni 1975 alifunga ndoa na hayati Dwight Peaslee, dereva wa lori la maziwa, mwanamume mpole ambaye alikuwa akimwita mkewe "Bosi" mbele za watu na nyumbani pia, wakajaliwa watoto wawili, Colette aliyezaliwa mwaka 1976 na Wendell aliyezaliwa mwaka 1979, wote wako hapa mbele, na Dwight alitutoka mwaka 2007.

Jumatatu ya tarehe 29 Agosti 1988 aliajiriwa kuwa mpishi wa shule hii, na hapo ndipo alipobaki mpaka alipoanguka, majira ya kuchipua thelathini na moja, na sijui kama kuna mtu chini ya miaka arobaini katika ukumbi huu ambaye hajawahi kula chakula cha mkono wake. Kuanzia mwaka 1991 aliandika pia safu katika jarida la wilaya ya shule, safu iliyoitwa Kutoka Dirisha la Jiko, kwa maana ya dirisha lile pale ukutani ambalo chakula hupitia, na ukitaka kujua habari za East Corley hukuwa na haja ya kusoma kitu kingine. Aliandika kwamba darasa la pili wamepanda mbaazi wiki moja mapema na wameambiwa wasilie zikiganda kwa baridi, kwamba mtoto wa akina Lacasse amepoteza jino ndani ya supu na jino limepatikana, kwamba kwaya ya tamasha la majira ya kuchipua inahitaji sauti nene na akina baba waache kujificha, kwamba siku ya kuokota takataka barabarani imeokotwa buti moja ya kulia yenye jina la Norman Couture ndani yake na mwenyewe akaichukue jikoni. Nilikwenda kuichukua, mbele ya watoto wote.

Alhamisi ya tarehe 9 Aprili 1998, basi lililokuwa likirudisha watoto wetu kumi na wanne kutoka mazoezi ya tamasha kule Marston lilizama mpaka ekseli mlimani, na kwa muda wa saa nne wilaya ilikuwa ikipigiana simu kuulizana nani mwenye jukumu, wakati huo Verna alikuwa ameshafunga sufuria ya supu kwenye mkokoteni wa kubebea kuni akapanda nayo maili mbili za matope, na alipofika, dereva alimwuliza, "Mama Peaslee, nani amekutuma?" naye akamjibu, "Saa ya chakula imenituma, sogea." Tangu siku hiyo alikuwa na neno moja ambalo alilirudia katika kila mkutano wa mji, kwamba mtoto wa East Corley asome East Corley, angalau mpaka atakapokuwa na miguu mirefu kuliko matope.

Sasa nafika mahali ambapo jana mchana nilipigiwa simu na mwenyekiti wa bodi ya shule, Bwana Royce Haverly, yupo safu ya tatu na namshukuru kwa kuja, akaniambia kwa adabu sana, "Bwana Couture, nadhani mambo ya mkutano si mahali pake msibani." Nimelifikiria neno lake usiku kucha, na jibu langu ni kwamba historia ya marehemu inatakiwa kueleza marehemu alikuwa wapi na lini, kwa tarehe na kwa mahali, na Jumanne ya tarehe 5 Machi mwaka huu 2019, saa saba na dakika arobaini mchana, dada yangu alikuwa nyuma ya dirisha lile akiosha sahani zenu, na yangu ikiwemo.

Mnajua desturi. Mkutano wa mji ni Jumanne ya kwanza ya Machi, ajenda ya shule huwa ya asubuhi, kisha jiko la shule linatulisha wote, na kwa kuwa wapishi nao ni wapiga kura, msimamizi wa mkutano hugonga dirisha lile mara mbili kabla ya kila kura na kusema, "Jikoni, kura," nao hutoa mikono yao nje ya dirisha ikiwa imejaa povu, ihesabiwe pamoja na yetu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu mimi ni kijana. Mwaka huu ajenda ya kumi na nne ilikuwa ni kuifunga shule hii na kuwahamishia watoto wetu arobaini na saba Marston, na Bwana Haverly akasimama asubuhi akaomba isogezwe mpaka baada ya chakula, ili ipate muda wa kutosha, alisema, nasi tukasema ndiyo kwa sauti moja, kwa sababu maharage ya Verna yalikuwa yameshaanza kunukia, na mtu mwenye njaa huwezi kumuuliza swali la maana.

Tukala. Maharage ya kuoka, nyama ya nguruwe, mikate ya moto, kachumbari ya kabichi na pai, watu mia mbili na kumi, na wakati tunakula jua likatoka, baada ya usiku wa barafu kali, na kila mwenye miti ya sukari katika ukumbi huu akatazama nje akaona matone kwenye paa, akajua utomvu unatoka. Hapo sihitaji kumweleza mtu wa East Corley, lakini wageni wetu wasikie, utomvu wa miti hiyo ndio tunaouchemsha kuwa shira, nao haumngoji mtu, ukijaa ndoo usipochemshwa siku ile ile unachacha, na shira ya mwaka mzima iko katika siku kumi kama hiyo. Mmoja akainuka, akavaa koti taratibu kama anayekwenda chooni, kisha wa pili, kisha meza nzima. Kila mmoja alijiambia kwamba waliobaki wanatosha. Tulikuwa mia mbili na kumi tukabaki mia moja na kumi na tisa, na Bwana Haverly, ambaye hana hata mti mmoja wa sukari, alikuwa na hotuba ya dakika ishirini na tano.

Katikati ya hotuba alilalamika kwamba vyombo vinampigia kelele, akaomba dirisha la jiko lifungwe, na likafungwa. Verna alikuwa amewaambia wenzake wawili, "Nyie tangulieni mkakae, mimi namalizia masufuria, wataniita," kwa sababu kwa miaka thelathini walikuwa wakimwita. Hakuna aliyegonga. Msimamizi wa mkutano amekwisha kuja nyumbani kuomba radhi, alisema dirisha likiwa limefungwa ilimtoka akilini kwamba kuna mtu nyuma yake, tumempokea na simtaji jina. Matokeo yalikuwa kura sitini na moja za kuifunga shule, hamsini na nane za kuiacha, na dada yangu alizisikia zikitangazwa wakati anafungua mlango huku akijifuta mikono kwa aproni.

Ijumaa ya wiki hiyo jarida la wilaya likatoka, toleo la majira ya kuchipua, lenye picha ya maua ambayo huku kwetu hayajaota mpaka leo. Ukurasa wa kwanza ulisema wananchi wa East Corley wameridhia kwa moyo mkunjufu. Ukurasa wa pili ulitangaza tamasha la kwaya, mashindano ya riadha, siku ya kuokota takataka, na uandikishaji wa watoto wa chekechea, ambao safari hii utafanyika Marston, wazazi waje na cheti cha kuzaliwa na kadi ya chanjo, hakuna neno hata moja kuhusu waje kwa njia gani. Ukurasa wa nne kulikuwa na mstari mmoja wa kuwashukuru akina mama wa jikoni kwa chakula kitamu. Shukrani ya punda ni mateke, walisema wahenga, ingawa punda angalau haandiki mateke yake akayaita moyo mkunjufu. Na pale ambapo kwa miaka ishirini na minane palikuwa na safu ya Verna, palikuwa na tangazo la jarida lenyewe kwamba sasa linapatikana kwenye simu.

Safu alikuwa ameiandika. Ofisi ilimjibu kwamba haiendani na ari ya msimu. Ninayo hapa kwa mwandiko wake, nami naisoma yote, maana ni fupi: "Wiki hii jikoni. Chekechea wameonja shira ya kwanza na wawili wameomba wamwoe mpishi. Mbaazi zitapandwa tarehe 29 Aprili kama udongo utakubali. Mkutano wa mji ulipiga kura bila kugonga dirisha. Nilikuwepo. Maji yalikuwa bado ya moto."

Nilikwenda kwake siku iliyofuata mkutano, nikiwa nanuka moshi wa banda la kuchemshia utomvu, akaniuliza, "Umepata galoni ngapi?" Nikamwambia hamsini na mbili, nikaongeza kwamba ni shira nzuri, ya rangi ya dhahabu. Akasema, "Vizuri sana. Basi kaiandikishe chekechea." Akanimiminia kahawa, wala hakulirudia tena neno hilo, na ningelipenda alirudie kila siku.

Sheria ya jimbo letu inaruhusu kura kurudiwa, mradi asilimia tano ya wapiga kura waweke saini ndani ya siku thelathini, na kwa mji wetu hiyo ni watu thelathini na wawili. Marehemu alikuwa akiugua moyo tangu mwaka 2016, daktari alikuwa amemkataza kupanda milima, na kuanzia tarehe 9 Machi alitembea nyumba kwa nyumba kila jioni baada ya kazi, katika matope yale yale yaliyomtoa shule, akikataa gari la Wendell kwa sababu, alivyosema, anataka mtu anayeweka saini azione buti zake. Hakumlaumu mtu mlangoni. Alikuwa akisema tu, "Naona ulikuwa na utomvu siku ile, saini hapa." Tarehe 2 Aprili alimkabidhi karani wa mji saini mia mbili na kumi na moja, na kura ikapangwa kurudiwa Jumanne ya tarehe 30 Aprili, ambayo wapendwa ni keshokutwa ya kesho, maana leo ni Jumamosi.

Alhamisi ya tarehe 11 Aprili, saa tano na nusu, alianguka akiwa anapakulia darasa la tatu. Alilazwa katika hospitali ya Marston, na ambulensi, naomba liingie katika kumbukumbu, ilitumia saa moja na dakika kumi kuvuka mlima ambao bodi inasema basi la watoto litauvuka kwa dakika ishirini na tano. Madaktari walifanya kila walichoweza. Siku ya Pasaka nilikaa naye, akaniuliza, "Utomvu bado unatoka?" Nikamjibu, "Umekwisha, dada, miti imeshaanza kuchipua." Akafumba macho, akatabasamu kidogo, akasema, "Basi sasa huna kisingizio." Ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia mimi. Alifariki kesho yake, Jumatatu tarehe 22 Aprili 2019, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, ameacha watoto wawili, wajukuu wanne, na mjukuu wa tano ambaye Colette amembeba tumboni na ambaye, Mungu akipenda, ataandikishwa chekechea siku moja, mahali tutakapopachagua sisi.

Wilaya ya shule imetuletea rambirambi ya mistari minne, ikimwita marehemu mtoa huduma ya chakula aliyejituma. Tumeipokea. Lakini nisije nikaonekana namtupia mawe Bwana Haverly peke yake huku nimeficha langu nyuma ya mgongo, kwani yeye alifunga dirisha, hakumfungia mtu mlango. Shule ilishindwa kwa kura tatu katika mkutano ule. Siku ile nilipovaa koti, nilimkonyeza mke wangu Claudette, naye akamgusa mwanetu Reggie begani, tukatoka kwa mlango ule wa pembeni, watatu, tukiwa tumeshiba. Sitini na moja kwa sitini na moja, na kura zikilingana hoja inaanguka, huo ndio utaratibu, na kura ya dada yangu ingekuwa nyongeza juu yake. Kuna wengine arobaini humu ndani wanaofanya hesabu hiyo hiyo kimoyomoyo, na kila mmoja anapata jibu lake. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini wangu amezaliwa siku ile ile, ana galoni hamsini na mbili za shira, na hakuna hata mtu mmoja nyumbani kwangu aliyeweza kuionja.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Marston, waliomtunza kama mama yao, nawashukuru majirani waliomchimbia kaburi katika udongo ambao nusu yake bado ni barafu, nawashukuru wenzake wawili wa jikoni, ambao leo nimewakataza kuvaa aproni, na nawashukuru watoto wa chekechea waliopanda mbaazi zake jana, siku tatu kabla ya tarehe, kwa sababu hawakuweza kungoja. Jumanne tukutane humu saa nne kamili asubuhi, ajenda ni moja, na wanaotazama dirisha la jiko wataona kwamba halina tena vibao vyake, nimeving'oa jana kwa bisibisi pamoja na bawaba, viko nyumbani kwangu, na bodi ikivihitaji inajua barabara ya kufikia.

Baada ya mazishi chakula kipo hapa, maharage kwa kipimo chake, na hakuna atakayevaa koti kabla sahani yake haijakauka na kurudi kabatini. Pumzika kwa amani, dada Verna, njoo utoke huko jikoni, vyombo tutaosha sisi.